Bunduki ya upepo inatawanya risasi: kuchunguza mtutu na kuurekebisha

Mtutu hulaumiwa mapema mno. Bunduki ya upepo ikianza kutawanya risasi, mara nyingi kosa liko kwenye skrubu za kitako zilizolegea, pete za darubini zinazoteleza, au kopo la risasi lisilopatana na mtutu huo. Chuma cha mitutu hii ni laini, na ukishakikwangua hakirudi. Kwa hiyo anza na yale yanayoweza kurudishwa yalivyokuwa; dawa ya kusagia na tupa zije mwisho.

Maelezo haya yanahusu aina mbili: bunduki ya springi, hasa ile ya kukunja ambayo mtutu wenyewe ndio unaovutwa chini kukaza springi, na bunduki ya mtungi inayobeba hewa iliyoshindiliwa, mara nyingi kwa bar 200.

Kabla ya kugusa mtutu

Kaza skrubu zote za kitako, kisha za pete za darubini. Bunduki ya springi hupiga teke kwenda nyuma kisha mbele, na darubini inaweza kusogea nusu milimita bila mtu kuona. Chora mstari mwembamba wa penseli nyuma ya pete, piga risasi ishirini, halafu angalia kama pete imeuacha mstari.

Kisha badilisha risasi. Risasi za 4.5 mm huuzwa zikiwa na vichwa vya 4.50, 4.51, 4.52 na kuendelea, na hiyo sehemu moja ya mia ya milimita inatosha kubadilisha kundi, yaani mkusanyiko wa matundu kwenye karatasi ya shabaha, kabisa. Jaribu aina tatu au nne za uzito wa kati, kama gramu 0.5 hadi 0.55. Risasi nyepesi mno kwenye bunduki yenye nguvu hukaribia kasi ya sauti, yaani takriban mita 340 kwa sekunde, na hapo hutawanyika hata ikitoka kwenye mtutu mzima. Aliyenunua bunduki kwa kusoma kasi iliyoandikwa kwenye boksi huishia hapa mara nyingi.

Halafu piga kundi la kulinganishia: mita 25, siku isiyo na upepo, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Kama ni ya springi, ilaze juu ya kiganja kilichokaa kwenye mfuko, usiibane. Piga makundi matatu ya risasi kumi kumi. Kundi la risasi tano hudanganya, kwani bahati peke yake inaweza kulifanya dogo. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu la mbali hadi ukingo wa nje wa lile la upande wa pili, kisha toa unene wa risasi. Bunduki nzuri ya springi mikononi mwa mpigaji aliyetulia huweka kumi ndani ya milimita 20 hadi 25 kwa umbali huo. Ya mtungi inatakiwa kushuka chini ya 15. Andika tarehe kwenye karatasi na uitunze. Kila utakachorekebisha baadaye kitapimwa kwa karatasi hiyo, na urekebishe kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Karatasi inaonyesha nini

Makundi mawili madogo yaliyoachana, badala ya moja kubwa, ni dalili ya kitu kinachocheza na kukaa mahali pawili: egemeo la mtutu (bolti au pini mtutu unapokunjia), pete ya mtutu au darubini. Kundi lililorefuka juu na chini huashiria kasi isiyo sawa, na kwenye bunduki ya kukunja mshukiwa wa kwanza ni sili (kizuizi cha kuzuia hewa isivuje) ya nyuma ya mtutu. Risasi nane pamoja na mbili zilizokimbia bila mpangilio: angalia mdomo wa mtutu, sketi za risasi (sehemu ya nyuma iliyo wazi), na kizuia sauti kama kipo. Tundu lenye umbo la yai, kana kwamba risasi imeingia ubavu, lina maana kwamba risasi imegusa kitu ikitoka au haikuzungushwa vya kutosha. Kundi linalozidi kupanuka kadiri kopo linavyokwisha ni uchafu, basi. Na kundi linalohama polepole kuelekea upande mmoja hewa ya mtungi inaposhuka kutoka bar 200 hadi 120 linakupeleka moja kwa moja kwenye pete inayounganisha mtutu na mtungi, au kwenye regyuleta, kifaa kinachosawazisha shinikizo la hewa.

Safisha, kisha pima tena

Madini ya risasi hubaki kwenye mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, hasa karibu na mdomo ambapo mitutu mingi hubanwa kidogo. Usitumie fimbo ya chuma wala brashi ngumu. Chukua mshipi wa nailoni wa unene wa 1.5 mm, kama ule wa kukatia majani, ukunje katikati, penyeza ncha zake mbili kutoka nyuma ya mtutu mpaka zitokeze mdomoni. Kitanzi kitabaki nyuma. Tia humo kipande cha fulana ya pamba cha sentimita 2 kwa 3 na uvute kwa mkono mmoja bila kusita katikati. Siku zote kitambaa kiende kutoka nyuma kuelekea mdomoni, njia ileile ya risasi.

Vipande viwili vya kwanza vilowe dawa ya kusafishia mitutu. Vinavyofuata viwe vikavu. Cha kwanza hutoka cheusi, na kwenye mtutu uliosahaulika utaona vipande vidogo vinavyong'aa kama karatasi ya sigara. Endelea mpaka kitambaa kitoke na rangi ya kijivu hafifu tu. Petroli na thina zikae mbali, kwa sababu zinaharibu sili. Kwenye bunduki ya springi mafuta yakiingia nyuma ya mtutu huwaka pistoni inaposhindilia hewa: utaona moshi, utasikia mlio mkali, na kasi itapanda na kushuka ovyo. Kwenye bunduki ya mtungi, mafuta ya mashine na hewa ya shinikizo kubwa vikikutana vinaweza kulipuka, kwa hiyo sehemu zinazopita hewa zipakwe silikoni tu.

Wakati wa kusafisha bunduki ya kukunja, ifungue kidogo tu, usifikie kukaza springi. Zile za mkono wa chini (wenzo ulio chini ya mtutu) zenye mtutu usiokunjika hulazimika kukazwa ili mlango wa kuingizia risasi ufunguke. Hapo mkono huo ushikwe na mtu muda wote, usiamini kizuizi peke yake. Springi ikijiachia inakata vidole.

Baada ya kusafisha, risasi ishirini au thelathini za mwanzo hazihesabiki, maana mtutu unahitaji kupakwa upya utando mwembamba wa risasi. Kundi likirudi kuwa dogo baada ya hapo, kazi imekwisha. Likirudi kisha likaharibika tena kabla ya risasi mia, ukuta wa ndani una mikwaruzo au kutu. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar na Unguja, kutu ndiyo ya kufikiriwa kwanza: upepo wa chumvi unaingia hata kwenye begi lililofungwa. Bunduki isiyotumika wiki mbili ivutiwe kitambaa chenye tone moja la mafuta mepesi, kisha ikaushwe kabla ya kupigwa.

Kupima mtutu kwa risasi

Huhitaji kifaa cha bei kubwa kujua ndani kukoje. Risasi yenyewe ni kipimo kizuri kuliko macho.

Pata fimbo ya shaba ya manjano au mbao ngumu yenye kipenyo cha 4 mm kwa mtutu wa 4.5, iwe ndefu kuliko mtutu, na mwisho wake uwe bapa. Mtutu uwe safi. Ingiza risasi kwa kidole gumba kama kawaida, kisha isukume kwa fimbo polepole, mkono wako ukisikiliza. Mtutu mzima hukaza mwanzoni risasi inapoingia kwenye matuta yaliyo kati ya mifereji, kisha unateleza kwa uzito uleule hadi sentimita mbili au tatu za mwisho, ambapo unakaza tena kidogo. Kule kukaza kwa mwisho ni kibano kilichowekwa kiwandani kwa makusudi, kisikutishe. Mitutu mingine haina kibano na inapiga vizuri. Hiyo itateleza sawasawa hadi nje.

Kibaya ni risasi kulegea ghafla. Tia alama kwenye fimbo kila mkono unaposikia mabadiliko, kisha pima umbali huo kwa nje. Mara nyingi alama itaangukia mahali chuma kilipokatwa kwa ajili ya kilengeo cha mbele, au palipochongwa nyuzi za kizuia sauti. Chuma kikiondolewa nje, ukuta hulegea na tundu la ndani hupanuka. Pa kukaza ghafla huonekana pale mtutu ulipoingizwa kwa nguvu kwenye bloku ya nyuma. Sehemu pana katikati inavumilika kama mdomo unabana. Sehemu pana mdomoni kabisa haivumiliki, kwa sababu risasi inatoka ikiwa haijashikwa na kitu.

Rudia kwa risasi tatu, kisha ziangalie kwa lenzi ya kukuza. Alama za matuta ziwe na kina sawa kuzunguka kichwa na sketi. Alama upande mmoja kali na upande wa pili hafifu huonyesha kwamba risasi imeingia ikiwa imeinama. Ukiona unyuzi mwembamba wa risasi umechubuka upande mmoja wa sketi, mlango una ncha kali.

Ili usichanganye kosa la nyuma na la mbele, chukua risasi nyingine, iingize sentimita 3 tu, kisha isukume irudi nyuma kwa fimbo kutoka mdomoni. Kama imechubuka tayari, usiguse mdomo wa mtutu. Tatizo liko mlangoni.

Mdomo wa mtutu

Hapa ndipo risasi inaagana na chuma. Ukingo ukiwa na meno au kovu upande mmoja, hewa inatoka upande huo kabla ya mwingine na kuisukuma sketi. Ingiza kijiti cha pamba ya masikio mdomoni, kizungushe huku ukikivuta nje polepole. Nyuzi za pamba zikinasa mahali palepale kila mara, hapo pana jino. Angalia pia masizi ya kijivu kwenye uso wa mdomo baada ya kupiga: yawe kama ua lenye petali sawa, moja kwa kila mfereji. Petali moja ndefu inaonyesha upande uliovunjika.

Kwanza hakikisha uso wa mdomo uko mraba na mtutu kwa kutumia skwea ndogo. Kama mtu aliukata kwa msumeno wa chuma ukaenda mshazari, njia ifuatayo haitanyoosha. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza.

Kama uko mraba, unahitaji skrubu ya shaba ya manjano yenye kichwa cha duara cha milimita 8 hivi, dawa ya kusagia valvu za injini (ile laini, si ya chenga kubwa) na drili inayoweza kwenda polepole. Tia kizibo cha pamba yenye grisi ndani ya mtutu, sentimita 2 kutoka mdomoni, ili dawa isiteremke. Funga mtutu kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao, mdomo ukitazama juu. Funga skrubu kwenye drili kwa upande wa nyuzi, paka kichwa dawa kidogo, kikalishe juu ya tundu, na uzungushe polepole bila kukandamiza. Muda wote yumbisha drili kwa mduara mdogo, ili kichwa kisichimbe mhimili mmoja. Baada ya sekunde 20 simama, futa, tazama kwa tochi.

Unachokitafuta ni pete nyembamba inayong'aa, upana wa milimita 0.3 hadi 0.5, sawa pande zote na bila kukatika kwenye mifereji. Ikiwa bado imekatika mahali, rudia sekunde 20 nyingine. Pete pana upande mmoja inamaanisha mkono wako umeinama. Ukifika, acha. Kuendelea kwa ajili ya kung'arisha hakuongezi kitu.

Futa dawa yote mdomoni, kisha sukuma kizibo kutoka nyuma kitokee mbele. Kukivuta kinyume kutaburuta chenga kwenye mtutu mzima. Vuta vitambaa vitatu au vinne, na urudie jaribio la pamba.

Mlango wa risasi

Risasi ikikaa vizuri, sketi yake iko sawa na uso wa nyuma wa mtutu au imezama kidogo. Ikichomoza, kufunga mtutu kunaikunja upande mmoja kila mara, na hakuna mdomo mzuri utakaoiponya. Jaribu kwanza risasi yenye sketi nyembamba zaidi.

Ncha kali hutolewa kwa skrubu ileile ya kichwa duara na dawa, lakini kwa vidole, si kwa drili: mizunguko kumi, futa, ingiza risasi, itoe, itazame. Malizia kwa pamba yenye dawa ya kung'arishia chuma. Usitanue mlango, unaondoa ncha tu. Kwenye bunduki ya mtungi kuna tundu la hewa linaloingia mtutuni kutoka chini, na risasi hupita juu yake ikisukumwa na bolti, yaani fimbo ya kupakia risasi. Ukingo wa tundu hilo ukiwa na ncha, kila risasi inachubuka tumboni. Toa hewa yote kwenye mtungi kabla ya kufungua chochote, kisha lainisha ukingo huo kwa uzi wa pamba uliopakwa dawa ya kung'arishia.

Sili ya nyuma kwenye bunduki ya kukunja hupimwa kwa kipande cha karatasi ya tishu kilicholazwa juu ya mwanya wa mtutu na silinda. Piga, tishu ikiruka au kutoboka, hewa inavuja. Sili yenye afya huchomoza milimita 0.2 hadi 0.3. Iliyobonyea inaweza kuinuliwa kwa washa nyembamba iliyokatwa kwenye plastiki ya chupa ya soda, lakini iliyopasuka inunuliwe mpya, bei yake ni ndogo. Ukiinua kupita kiasi mtutu hautafunga mahali pamoja, na utakuwa umebadilisha kosa moja kwa lingine.

Egemeo na pete

Funga bunduki ya kukunja, isiyo na risasi wala springi iliyokazwa, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, sukuma kushoto na kulia. Haitakiwi kusikika hata tiki moja. Kwa kipimo cha pili lazima springi ikazwe, na mkono ulegee tu bila kuondoka kwenye mtutu: bunduki ikiwa imekazwa, mtutu uliosimamishwa nusu ya njia ubaki ulipo au ushuke kwa uvivu. Ukianguka, egemeo limelegea. Kaza bolti yake kwa moja ya nane ya mzunguko, pima tena. Baadhi zina skrubu ndogo ya kufungia pembeni ambayo lazima itoke kwanza. Ukilazimisha bila kuitoa utaharibu kichwa cha bolti. Zile za bei nafuu zenye pini badala ya bolti huhitaji washa za milimita 0.1 kila upande, na grisi.

Kwenye ya mtungi, legeza pete inayoshika mtutu na mtungi, piga kundi, linganisha. Mtungi hubadilika umbo kidogo hewa inaposhuka, na pete iliyobana huuvuta mtutu nao. Kama kundi limetulia, tanua pete au weka oringi (pete ya mpira) kati yake na mtutu. Skrubu ndogo zinazoshika mtutu kwenye bloku zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, si moja hadi mwisho halafu nyingine.

Kizuia sauti kipimwe kwa kukitoa. Kundi likipungua bila hicho, tazama kwenye tundu la mwisho kwa tochi: mstari wa fedha upande mmoja ni mahali risasi inapogusa. Nyuzi zimechongwa mshazari, na dawa ni kuzichonga upya kwenye mashine.

Mtutu uliopinda au uliochoka

Mtutu wa kukunja ukiachiwa ufyatuke ukiwa wazi hupinda kuelekea juu. Utazame ndani ukiuelekeza kwenye kingo ya dirisha: mstari wa kivuli unatakiwa kunyooka hadi mwisho. Lakini kupinda kidogo hakutawanyi risasi, kunahamisha kundi tu. Kama darubini inafika, uache. Kuunyoosha kati ya vipande vya mbao kunawezekana, ila wengi huishia na mtutu uliopinda mara mbili.

Sehemu pana mdomoni hurekebishwa kwa kukata mtutu nyuma ya pale palipolegea na kutengeneza ukingo mpya, kazi ya mashine ya kukereza. Kama mtutu ulikuwa na kibano, kitaondoka pamoja na kipande hicho. Pima kwa risasi kabla ya kukata ujue unapoteza nini. Mtutu wenye mikwaruzo au kutu nyepesi unaweza kung'arishwa kwa kitambaa kilichobana na dawa laini kabisa, mivuto ishirini, kikiishia kabla ya kibano. Wenye mashimo ya kutu yanayoonekana kwa tochi haufai hata kwa hilo. Agiza mtutu mwingine, na ukifika, anza tena kwa kuupima kwa fimbo na risasi kabla ya kuufunga kwenye bunduki, kwa sababu hata mpya huja na ncha mlangoni.